Kompyuta ya Garam

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Bosi Pyo ni kwamba aliwakalisha wateja wake wakiwa wameipa bidhaa mgongo. Maduka mengine ya ghorofa yetu yalipangwa ili macho ya mteja yatue moja kwa moja kwenye maboksi yanayong'aa, kadi za picha zenye taa za rangi na prosesa zilizowekwa ndani ya vioo kama vito. Yeye aliweka kigoda chake kikitazama korido. Mteja aliyekikalia hakuona chochote isipokuwa duka letu la nyaya upande wa pili, na mimi niliyekuwa nimeinamia kazi yangu ya kuandika matangazo. Mwanzoni nilidhani ni ufinyu wa nafasi. Kisha siku moja nilimsikia akimwambia kijana aliyejaribu kugeuza shingo, "Vya nyuma havikimbii. Nieleze kwanza wewe ni nani."

Hapa Yongsan, kwenye soko letu la vifaa vya kompyuta, kila mwenye duka huitwa bosi, hata kama duka lenyewe ni meza moja na pazia. Bosi Pyo Dong-sik alikuwa na meza mbili. Alikuwa mfupi, mwenye nyusi nene na vidole vilivyojaa makovu madogo ya kingo za mabati, na alikuwa ameunda kompyuta za mezani katika jengo hili tangu likiwa jipya. Kufunga skrubu hakukuhesabu kuwa kazi. Alisema hata sokwe angefundishwa kufunga skrubu. Kazi yake ilikuwa kuchagua.

"Unakaa wapi?" alimuuliza yule kijana.

"Nimepanga chumba karibu na chuo, bosi."

"Kuta za tofali au za ubao?"

"Sijui. Namsikia jirani akikohoa."

"Basi ni ubao. Kompyuta utaiweka mezani au sakafuni?"

"Sakafuni. Meza ni ndogo."

"Na wakati wa baridi sakafu inapashwa moto?"

"Ndiyo, kama nyumba zote."

"Unataka kuichemsha kama supu ya mifupa? Iweke mezani, ule sakafuni wewe. Unacheza mchezo gani?"

Kijana akautaja.

"Unaucheza vizuri?"

"Kiasi."

"Mtu anayecheza kiasi hanunui prosesa ya bingwa. Haitakufundisha kitu."

Baada ya maswali ndipo aliposimama na kuanza kuchagua, na kila mara alianza na pawasaplai, kile kiboksi cha kugawa umeme ambacho hakuna mteja anayekiulizia. Aliwahi kuishi enzi ambazo soko hili lilijaa pawasaplai zenye namba za uongo ubavuni, tulizoziita pawa za fiksi, na aliziona zikifuka moshi vyumbani mwa watu. Baada ya hapo zilifuata madabodi, ule ubao mkuu wa kuunganishia vyote, ramu ya kumbukumbu, feni za kupoza, na mwisho kabisa kadi ya picha, inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Alivipanga mezani kama mama anayepanga vyakula vya mgeni, akieleza kwa nini hiki na si kile.

Yule kijana alisikiliza kwa adabu yote. Akatoa simu, akapiga picha meza nzima, akainama. "Asante sana, bosi. Ngoja nikafikirie."

Kufikiria maana yake ni kwenda kuagiza vitu vilevile mtandaoni. Bosi Pyo alijua. Alivirudisha vitu rafuni kimoja kimoja, naye Bosi Tak, muuza makasha wa duka la pembeni, akachungulia kama kawaida yake.

"Pyo, ungetoza maswali tu, leo ungekuwa na ghorofa Gangnam kwa matajiri."

"Wewe ungetoza umbea ungekuwa na jiji."

Ndivyo walivyoishi. Nami, niliyetoka chuoni na shahada ya fasihi ambayo hakuna aliyeihitaji, niliwasikiliza na kuona kwamba soko lile lilikuwa likifa huku likitaniana. Nusu ya maduka ya ghorofa yetu yalikuwa yamefungwa. Wateja waliobaki walikuja kujifunza kwa watu wanaojua, kisha wakaenda kununua kwa mashine isiyojua chochote. Lakini uchungu wa Bosi Pyo haukutoka huko. Huo niliusimuliwa na Bosi Tak, tukiwa tunakula tambi za mchuzi mweusi, siku Bosi Pyo alipokwenda kwa daktari wa meno.

Bosi Pyo alikuwa na binti mmoja, Garam. Garam alisomea kutengeneza filamu za katuni, na alipoingia chuo baba yake alimuundia kompyuta ambayo soko zima lilipanda ngazi kuja kuitazama. Mwaka wake wa mwisho ukaangukia ule msimu wa baridi ambao kadi za picha ziliadimika. Wachimba sarafu za mtandaoni, wanaozalisha pesa za kidijitali kwa nguvu ya kadi hizo, walizinunua kwa mafungu na kuzifungia maghalani, zikichemka bila kupumzika, na bei ilipanda kila asubuhi kabla hata maduka hayajafunguliwa.

Wakati huohuo Bosi Pyo alikuwa amempa neno lake mtu mmoja wa mji wa Uijeongbu, Bosi Yeom, aliyekuwa akifungua ukumbi wa kuchezea kompyuta. Mashine zote zilikuwa zimechaguliwa, zimeundwa na kupelekwa, isipokuwa moja iliyokosa kadi ya picha. Siku ya ufunguzi ilikuwa imetangazwa, na kichwa cha nguruwe cha kuombea baraka kilikuwa kimeshaagizwa. Bosi Pyo alizunguka jengo zima akiomba kadi moja tu. Hakuna aliyekuwa nayo, au aliyekuwa nayo alijifanya hana.

Alirudi nyumbani mchana. Garam alikuwa amekwenda darasani. Kompyuta yake ilikuwa ikifanya kazi peke yake, ikizichora picha za filamu yake ya kuhitimu moja baada ya nyingine, kazi iliyokuwa imechukua majuma na iliyobakiza kidogo. Bosi Pyo aliizima, akafungua ubavu wake, akang'oa kadi ya picha, akaipachika kwenye ile mashine ya mwisho na kuipeleka Uijeongbu.

"Alimwambiaje Garam?" nilimuuliza Bosi Tak.

"Alimwambia, 'Wiki ijayo nakuletea nyingine, tena bora.'"

"Akaleta?"

"Wiki ilipofika bei ikapanda mara mbili. Wewe mwanachuo, unauliza kama polisi. Kula."

Filamu ya Garam haikuonyeshwa kwenye maonyesho ya wahitimu. Studio iliyokuwa imemwambia alete kazi yake ikachukua mtu mwingine. Bosi Tak alisema Garam hakupiga kelele wala hakulia mbele ya baba yake, na kwamba hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alihamia mji wa Chuncheon. Kiangazi kadi ziliposhuka bei, Bosi Pyo alinunua iliyo bora kuliko zote na kumtumia. Ilirudi na utepe wake haujakatwa.

Kilichonikera zaidi katika simulizi lile ni jinsi Bosi Tak alivyolimalizia. "Lakini soko zima lilimsifu," alisema. "Neno la Pyo ni neno. Anang'oa hata cha mwanawe. Hata mimi nilimnunulia pombe." Alisema hivyo huku akifuta mchuzi mdomoni, bila aibu yoyote, nami nikalisukuma bakuli langu pembeni.

Hayo yalikuwa ya miaka kadhaa nyuma. Mwezi huu, mchana wa siku ya kazi, simu ya Bosi Pyo ililia akiwa na krimu ya kupozea prosesa kwenye vidole vyote, kwa hiyo akaibonyeza kwa kiwiko na kuiacha mezani ikitoa sauti kwa kila mtu. Alikuwa ni mkewe, aliyekuwa amekwenda Chuncheon kumpelekea binti yao kimchi, ile kachumbari ya kabichi iliyochachuka.

"Baba Garam, kompyuta ya Garam imekufa."

"Imekufaje?"

"Nitajuaje? Imezima, inanuka."

"Inanuka plastiki au inanuka nywele?"

"Inanuka kitu kilichokufa. Nisikilize. Ile filamu yake ya chuo kuna watu wa tamasha la filamu wameikubali, lakini waipate kabla ya msimu wa mvua. Alitaka kununua kompyuta iliyokwisha kuundwa, kwenye duka la hapa mtaani. Nikamwambia akinunua hiyo nalala mlangoni pake."

Sauti nyingine ikasikika kwa mbali, tulivu. "Mama, usimbembeleze."

"Simbembelezi mtu. Naongea na fundi."

Bosi Pyo alisimama na mikono yake hewani kama daktari anayesubiri kuvishwa glavu. Bosi Tak alikuwa amefika, bila shaka. Mimi nilijifanya naandika.

"Anasema atalipa kama mteja yeyote," mama Garam aliendelea. "Na anasema umuulize maswali unayowauliza wateja. Anasema ile ya kwanza hukumuuliza kitu."

Ilikuwa kweli. Kompyuta ile iliyokuja kutazamwa na soko zima Bosi Pyo aliichagua yeye mwenyewe, kwa fahari yake, bila kumkalisha binti yake hata mara moja na kumsikiliza.

"Muulize kama chumba kina dirisha," alisema hatimaye.

"Garam, chumba kina dirisha?"

"Mwambie lipo. Linatazama ukuta."

"Lipo, linatazama..."

"Nimesikia. Muulize kompyuta itakaa wapi."

"Mezani, mwambie. Sitaki kuchemsha supu."

Bosi Tak akacheka puani. Bosi Pyo hakucheka. Aliinamia simu. "Muulize nani analala chumba hicho."

Safari hii mama Garam hakuuliza. "Baba Garam, swali gani hilo sasa?"

"Namuuliza kila mteja. Feni zina kelele."

Tulisikia wakinong'onezana. Kisha sauti ya Garam, karibu zaidi na simu kuliko mwanzo. "Mwambie tuko wawili. Mume wangu anafanya zamu ya usiku, analala mchana. Kwa hiyo iwe kimya."

"Mume," alisema Bosi Pyo.

"Waliandikisha ndoa mwaka jana," mama Garam alisema kwa haraka. "Hawakutaka sherehe. Nilikuwa nitakwambia."

"Anaitwa nani?"

"Mwambie," ikasema ile sauti, "hilo si swali la kompyuta."

Nilikuwa nimewahi kusoma vitabuni kuhusu mtu kusawijika, nikadhani ni namna ya kusema tu. Niliona uso wa Bosi Pyo ukisawijika. Hata hivyo aliendelea, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuzungumza naye. Aliuliza ni programu gani anachorea, picha ni kubwa kiasi gani, anafungua mafaili mangapi kwa pamoja. Majibu yalikuja mafupi na kamili. Alipofika kwenye kadi ya picha, sauti yake ilishuka.

"Kuhusu kadi..."

"Mwambie kadi asiiguse," Garam alisema. "Nitakuja nayo mwenyewe, na nitaipachika mwenyewe."

"Kadi gani? Ina urefu gani? Inakula umeme kiasi gani? Nitachaguaje vingine kama sijui..."

"Mwambie aache nafasi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja kuichukua."

Simu ikakatika. Bosi Tak alikohoa. "Hongera, Pyo. Umemwoza binti bila kulipia hata ukumbi."

"Niletee makasha yako marefu," Bosi Pyo alisema. "Yote."

Tangu siku hiyo hakumkalisha mteja mwingine. Nilimtazama mtu aliyejua kuchagua kwa kuuliza akichagua kwa kubahatisha, na haikupendeza. Alipima makasha kwa utepe wa fundi cherehani, akayakataa, akayarudia. Alichukua pawasaplai yenye nguvu kiasi cha kuendesha mashine mbili, ili kadi yoyote itakayokuja isikose umeme. Alipoleta prosesa aliniita na kunionyesha muhuri wa boksi. "Mwanachuo, umeona mwenyewe haujakatwa? Umeona? Ukiulizwa utasema." Nilimwambia hakuna atakayeniuliza. "Utasema tu," alijibu.

Feni ndizo zilizomtesa. Alizijaribu moja moja kando ya lifti iliyoharibika, mahali penye utulivu, sikio likiwa limeigusa plastiki. Bosi Tak alilazimishwa kuzima redio yake ya besiboli.

"Zamu ya usiku ya wapi?" aliniuliza, kana kwamba mimi nilikuwa mwenyeji wa Chuncheon. "Ya kiwandani au ya hospitalini?"

"Sijui, bosi."

"Wa kiwandani analala kama gogo. Wa hospitalini hata mlango ukilia anaamka." Akaitupa feni ile sandukuni na kuchukua nyingine. "Tuseme ni wa hospitalini."

Jumanne ya wiki hii alikuja Bosi Yeom wa Uijeongbu. Sikuwahi kumwona kabla. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye koti la kuvutia. Alikumbatia mabega ya Bosi Pyo, akaona kompyuta iliyo wazi mezani, akapiga mluzi.

"Hiyo pawasaplai ndiyo ninayoitafuta, kaka. Mashine yangu ya kaunta imezima tangu jana, watoto wanaingia bure. Ing'oe nikupe hela sasa hivi, mwenye mali utamtafutia nyingine kesho."

"Ina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Chuncheon."

"Chuncheon! Mpaka afike utakuwa umepata kumi. Mimi na wewe tumetoka mbali, kaka."

"Nimesema ina mwenyewe, Yeom."

Bosi Yeom alirudi nyuma kidogo, tabasamu likimtoka. "Siku hizi neno lako limekuwa ghali. Zamani uliniletea mpaka mashine ya mwisho kwa mkono wako, kwenye theluji, tena ile hata sikuihitaji."

"Hukuihitaji?"

"Kile kiti cha karibu na choo? Hakuna aliyewahi kukikalia. Ungenipigia simu tu ningekwambia achana nacho. Nilishangaa nilipokuona umeloa mlangoni."

Bosi Pyo alikuwa na bisibisi mkononi. Aliilaza mezani, taratibu, kana kwamba ingeweza kuvunjika. "Kadi yake iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya kiti hicho. Kadi ya picha."

"Aa, ile. Niliwauzia wachimba sarafu mwezi wa nne wa mwaka uleule. Walinipa bei ya wazimu, kaka, wewe mwenyewe ungecheka."

Hakuna aliyecheka. Bosi Yeom alitazama uso mmoja hadi mwingine, akaona amekosea mahali asipopajua, akasema atajaribu ghorofa ya chini. Alipoondoka, Bosi Tak alifungua mdomo. Bosi Pyo akamwambia, bila kumtazama, "Usiniambie kwamba neno langu ni neno." Bosi Tak akaufunga.

Bosi Pyo alichukua kitambaa na kufuta meza iliyokuwa safi. Akaifuta tena. Nilitaka kumwambia jambo la kufariji, kwani nilifundishwa kwamba maneno yana kazi hiyo. Lakini ningemwambia nini? Kwamba hakujua? Alikuwa na simu mfukoni siku ile. Swali moja lingetosha, na yeye, katika soko zima, ndiye aliyekuwa na sifa ya kuuliza maswali.

Leo ni Ijumaa. Kompyuta imekamilika isipokuwa hapo panapokaa kadi. Ubavu wa kasha uko wazi, na ukichungulia ndani unaona nyaya zimelazwa vizuri kuizunguka ile nafasi ndefu, tupu. Bosi Pyo ameikuza nafasi hiyo kadiri alivyoweza. Ameihamisha hata diski, isije kadi ikawa ndefu ikagonga. Nyaya za umeme za kadi ameziacha zikining'inia za kila aina, kwa kuwa hajui kadi itakayokuja itahitaji upi. Haigusi tena. Akipita karibu nayo huweka mikono mgongoni.

Mchana aliniomba nimtazamie kwenye simu yangu treni za kutoka Chuncheon zinaingia stesheni ya Yongsan saa ngapi.

"Zinaingia kutwa, bosi. Hakusema atapanda ipi?"

"Sikumuuliza." Kisha akajirekebisha. "Simu ilikatika kabla. Alisema Jumamosi."

"Atakuja peke yake?"

"Hilo nalo sijui." Alifikiri kidogo. "Mtu wa zamu ya usiku Jumamosi si anapumzika?"

"Inategemea, bosi."

"Inategemea," alikubali.

Bosi Tak, ambaye siku zote hufungua duka jua likiwa limepanda, ametangaza kwamba kesho atafungua alfajiri kwa sababu ana mzigo wa kupanga. Hana mzigo wowote. Mimi sina zamu kesho, lakini nimemwambia mwajiri wangu kuna matangazo ya nyaya ambayo hayawezi kusubiri. Bosi Pyo ametusikia wote wawili na hakutufukuza. Amesema tu kwamba Garam akifika hakuna mtu kuzungumza naye kuhusu kompyuta, na kwamba atakapokuwa anaipachika kadi yake hakuna mtu kusogea kumsaidia, hata ikimkatalia.

"Hata wewe, bosi?"

"Hasa mimi," alisema, akaenda kumuuliza mlinzi kesho mlango mkubwa unafunguliwa saa ngapi.